Uso wa Wifi

Katika nyumba ya kaka yangu, kata ya Baray, hakuna kitu chenye mwenyewe. Chanuo la mama hupatikana juu ya pipa la maji, sabuni ya mtoto huishia kufulia ovaroli la shamba, na chaja ya simu kila usiku hulala chumba kingine. Kwa hiyo ile tyubu nyeupe ilipoingia ndani ya mkoba wa wifi yangu, aliyedhani itaishia kwenye uso wa mtu mmoja alikuwa mgeni wa nyumba ile. Mimi si mgeni. Nafundisha shule ya msingi ya jirani, nina chumba changu cha uani, na ya humo ndani nayaona yote, hata yale nisiyotaka kuyaona.

Tyubu ilitoka mnadani, juu ya turubai, katikati ya betri, viwembe na nguo za mitumba. Haikutoka duka la dawa muhimu, yale maduka yaliyoanzia mkoa wa Ruvuma mwaka 2003, ambayo muuzaji wake angalau amekaa darasani kabla ya kupewa kibali. Huyu wa turubai alikuwa amekaa juu ya ndoo. Maelezo yake ya kitaalamu yalikuwa haya: "Dada, hii inatoa kila kitu."

Na wifi alikuwa na kitu cha kutoa. Vipele viwili vitatu pembeni mwa pua, na ngozi kavu kidogo, basi. Ukiijua Baray huwezi kushangaa. Ukishuka kutoka Karatu mjini kwenye baridi na ukungu, unateremka mpaka sakafu ya Bonde la Ufa, karibu na Ziwa Eyasi, ambako jua halina adabu na maji ya ziwa ni ya chumvi na magadi. Kinachotulisha ni chemchemi za Qangdend na mifereji yake, na juu ya mifereji hiyo, vitunguu. Wakati wa kuvuna watu hushinda wameinama kwenye vumbi, maganda makavu yanapeperuka, upepo wa ziwani unavuma usoni, na jioni kila mtu ana sura moja, rangi ya udongo. Vipele viwili vitatu ni ushuru wa kawaida. Tatizo ni kwamba mwezi ule kulikuwa na sendoff ya binti wa mjomba, na wifi ndiye aliyepewa kusimama mbele na kukata keki pamoja na bibi harusi mtarajiwa. Mpiga picha alikuwa amelipwa tayari.

Haikupita wiki uso ukawa laini kama si wa huku. Sendoff ikaenda vizuri, picha zikatoka vizuri, wanawake wakauliza. Wifi akasema "ni kikrimu tu," kwa ile sauti ya mtu anayetaka aulizwe tena.

Ndipo tyubu ikaanza ziara yake.

Kaka aliichukua alfajiri moja kwa ajili ya vipele vya kunyolea shingoni. Mama yetu, ambaye magoti humsumbua kila mvua ikikaribia, aliinusa, akasema ina harufu ya hospitali, akajipaka magotini mpaka yakang'aa. Mtoto wa mwisho, wa darasa la kwanza, alikuwa na choa shavuni, duara safi kabisa ambalo ungeweza kumfundishia hesabu. Akapakwa asubuhi kabla ya shule. Halafu, na hili nimelishuhudia kwa macho yangu, kaka akamalizia kilichobaki kwenye kidonda cha punda, pale begani panapochubuliwa na nira ya mkokoteni.

Matokeo ya kwanza yalifurahisha nyumba nzima. Shingo ya kaka ilitulia. Muwasho wa mtoto ulikoma na lile duara likafifia. Magoti ya mama yalibaki vilevile, lakini alisema yanauma kwa utaratibu zaidi. Punda hakuulizwa.

Matokeo ya pili yalikuja taratibu. Tyubu ilipoisha, uso wa wifi ukaanza kuchoma. Vipele vilirudi na wenzao. Akanunua tyubu nyingine; vikalala. Akaiacha, vikaamka. Ukafika wakati akawa hawezi kukaa bila kupaka, na kila akipaka, nafuu ilikuwa fupi kuliko ile ya mwanzo. Hadi masika yanaanza, vipele vidogovidogo, vingine vyenye kichwa cha usaha, vilikuwa vimezunguka mdomo wote, kutoka kwenye mikunjo ya pua hadi kidevuni, vikaacha ukanda mwembamba tu wa ngozi safi ukiifuata midomo. Vingine vilikuwa vimepiga kambi chini ya jicho la kushoto. Haviwashi sana. Vinachoma, hasa uso ukiguswa na sabuni.

Rangi yake nayo iliwapoteza wengi. Vitabu vinasema "wekundu", na wekundu huo ni wa ngozi nyeupe. Kwetu huja kama kahawia iliyokolea, zambarau, au kijivu, na mtu asiyejua kutazama huona uchafu tu. Mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari mwenye asili ya Zimbabwe, Malone Mukwende, akishirikiana na walimu wake wa chuo cha St George's, London, alitoa kitabu cha picha kinachoonyesha dalili zinavyojitokeza kwenye ngozi nyeusi, kwa sababu darasani alikuwa akionyeshwa ngozi za Wazungu tu. Naona ajabu kwamba mwaka 2020 bado mwanafunzi alilazimika kukitengeneza mwenyewe, lakini twende.

Kikao cha familia kilikaa jikoni, juu ya sufuria la makande. Kila mtu alikuja na ugonjwa wake mkononi.

"Ni lile ziwa," alisema mama. "Ule upepo una chumvi. Nilishasema nyumba isielekee kule."

"Nyumba ina miaka ishirini, mama," kaka akajibu. "Hii ni dawa ya kupulizia vitunguu. Nimeona vijana wanapulizia bila hata kitambaa."

Jirani aliyekuja kuazima ungo akasema ni nzi wa Nairobi. Huyo mdudu si nzi, wala haumi. Ni mbawakawa mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi, anayefuata taa nyakati za mvua. Ukimponda juu ya ngozi, majimaji yake huunguza na kuacha mchirizi wa malengelenge. Lakini moto huo hupoa ndani ya wiki moja au mbili. Wa wifi ulikuwa na miezi.

Jirani wa pili hakusema jikoni. Alisema njiani, akiwa amepunguza sauti: mkanda wa jeshi. Anayejua nchi hii anajua maana ya kupunguza sauti namna hiyo. Tangu miaka ya themanini, mkanda wa jeshi umekuwa ukitajwa kwa jicho la pembeni, jicho la kuhesabu nani amekonda. Na mkanda hukaa upande mmoja wa mwili, hufuata njia ya mshipa wa fahamu, hauvuki katikati. Huu wa wifi ulizunguka mdomo pande zote mbili. Lakini uvumi hauna haja ya kutazama pande. Wifi akaacha kwaya. Kisha akaacha kwenda kuchambua vitunguu na wenzake, akawa anachambua peke yake nyuma ya nyumba, ameinua kanga mpaka puani.

Hapo ndipo upendo wa nyumba ile ulipoanza kuwa hatari.

Mama alileta mshubiri, akakata jani na kubandika ute wake usoni. Kaka akaleta limau, kwa hoja kwamba linakausha. Binti mkubwa, ambaye yuko sekondari na anajua kila kitu, akapaka dawa ya meno juu ya kila kipele, kimoja kimoja, mpaka mama yake akaonekana amenyeshewa theluji. Ikaletwa asali ya porini, iliyopatikana kwa Wahadzabe wa kule Eyasi, asali nzuri kabisa ambayo ingefaa zaidi kuliwa. Siku ya asali, nzi wote wa kata walijua nyumba yetu. Na kwa kuwa tuko Baray, ilikuwa haiepukiki: siku moja mama alisaga kitunguu.

"Kitunguu ni dawa," alisema. "Kinasomesha watoto, kitashindwaje na vipele?"

Wifi, ambaye hajawahi kumkatalia mama mkwe kitu, alifumba macho na kutega uso. Kilichofuata kilisikika mpaka mferejini. Kaka alikimbia kutoka shambani na jembe mkononi akidhani ni nyoka. Alikuta mke wake amezamisha kichwa kwenye beseni la maji, mama yake amesimama pembeni na kibakuli, naye anasema kwa utulivu wa mtu mwenye ushahidi, "Unaona? Inafanya kazi."

Kulikuwa na safari ya kituo kimoja cha matibabu pia, ambacho jina lake nalihifadhi. Foleni ilikuwa ndefu, mganga alimtazama wifi kwa muda wa kuandika, akampa tyubu ya dawa tatu kwa moja: moja ya fangasi, moja ya bakteria, na ya tatu, tulikuja kuambiwa baadaye, ndugu wa damu wa ile ya mnadani. Vipele vikalala tena. Nyumba ikashangilia tena. Tyubu ikazunguka tena, na punda safari hii akakimbia.

Aliyekata mzunguko ule ni tabibu wa ngozi, mama wa makamo tuliyeelekezwa kwake Karatu. Alikuwa amesomea Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC. Kituo hicho kilianza mwaka 1992 kwa msaada wa taasisi ya kimataifa ya madaktari wa ngozi, na wazo lake ni la maana sana kwa nchi kama yetu: badala ya kusubiri madaktari bingwa ambao hawatoshi hata mijini, wachukuliwe matabibu wa kawaida kutoka wilayani, wafundishwe ngozi kwa miaka miwili, warudi walikotoka. Wamepita hapo watu wa nchi nyingi za Afrika.

Tuliingia watatu. Wifi kwa sababu ya uso, mimi kwa sababu ya kujua Karatu, na mama kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia asije.

Tabibu hakugusa uso kwanza. Aliuliza, "Unapaka nini?"

Wifi akataja sabuni. Tabibu akatulia tu. Wifi akataja na mafuta ya mgando. Tabibu akaendelea kutulia. Mwishowe alisema, "Nenda nyumbani, kila kilichogusa uso huu tangu ulipoanza, kiweke kwenye kapu, uniletee."

Safari ya pili tulibeba kapu. Lilipomiminwa juu ya meza, mimi niliona aibu kwa niaba ya ukoo: tyubu tatu zilizokamuliwa mpaka zikajikunja, mshubiri, limau lililokauka, dawa ya meno, poda, losheni ya manukato, asali, mafuta ya nazi, na kitunguu kimoja ambacho mama alikileta kizima, kisafi, kama mtu anayewasilisha cheti.

Tabibu alichukua tyubu ya mnadani, akaisogeza karibu na dirisha na kusoma yale maandishi ambayo yameandikwa ili yasisomwe. Klobetasoli, asilimia 0.05. Akatueleza kwamba hiyo ni steroidi ya kundi la juu kabisa kwa nguvu, dawa halali yenye kazi zake, kwa ngozi ngumu ya kiganja au unyayo, kwa muda mfupi, na kwa maelekezo. Usoni haina kazi ya kila siku. Wala kwenye kipodozi haitakiwi kabisa: sheria zetu zinakataza vipodozi vyenye steroidi, zebaki au haidrokwinoni. Kusimamia vipodozi ni kazi ya shirika la viwango, TBS, tangu 2019, na dawa ni za mamlaka ya dawa, TMDA. Turubai la mnadani halijasoma gazeti la serikali.

"Hii," akasema, akiinua tyubu, "ni mkopo wa kausha damu."

Kila mtu chumbani alielewa. Baray nzima inaelewa. Unapewa leo bila dhamana, unafurahi, na marejesho yanakuja yakiwa makubwa kuliko ulichopokea. Ili kuyalipa unakopa tena kwa huyohuyo. Steroidi hubana mishipa midogo ya damu na kunyamazisha uvimbe, ndiyo maana uso hutulia haraka. Wakati huo inaikondesha ngozi na kuiharibu kinga yake. Ukiacha, mishipa inafunguka kwa kishindo, uvimbe unarudi na vipele vyake, na mgonjwa, ambaye ana akili timamu kabisa, anahitimisha kwamba tyubu ilikuwa inamponya. Madaktari wa Ulaya na Marekani waliupitia mtego huohuo. Vipele hivi vya kuzunguka mdomo vilielezwa kwenye maandishi ya kitabibu mwaka 1957, vikapewa jina linalotumika mpaka sasa mwaka 1964, miaka ileile ambayo steroidi kali za kupaka zilikuwa zinaenea madukani, na wagonjwa wengi walikuwa wanawake vijana wanaojali nyuso zao.

Mama alikuwa anasikiliza kwa uso wa mtu anayesubiri zamu. "Na magoti?" akauliza.

Tabibu akacheka, lakini hakumdharau, na alikuwa na sababu. Mwanzo wa dawa hizi ni magoti. Mwaka 1948 daktari Philip Hench, pale Mayo Clinic, Marekani, alimchoma kotizoni mwanamke aliyekuwa amekakamaa kwa ugonjwa wa viungo, asiyeweza hata kujigeuza vizuri kitandani, na baada ya siku chache mwanamke yule alitoka kwenda madukani. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili, Kendall na Reichstein, walipata Tuzo ya Nobel. Ya kupaka iliyofaa kwa ngozi ilikuja 1952. Kwa hiyo pua ya mama haikuwa imekosea sana. Ila ya kupaka haifiki ndani ya kiungo cha goti. Inaishia kwenye ngozi, na ngozi ya mama tayari ilikuwa imeanza kuwa nyembamba.

Yakafuata maswali. Viungo vinauma? Nywele zinanyonyoka? Kuna vidonda mdomoni? Jua likipiga unaumwa mwili mzima? Alikuwa anaondoa uwezekano wa lupasi, ambayo nayo hupenda uso. Akapendekeza kipimo cha VVU, kwa sababu ugonjwa wa magamba wa mikunjo ya pua na nyusi huwa mkali zaidi kwa mwenye virusi ambaye hajaanza dawa. Wifi alipima. Majibu ni yake.

Kisha likaja swali ambalo lingepaswa kuulizwa mama akiwa Baray: "Una ujauzito?"

Mama alinyanyuka nusu kwenye kiti. Sijawahi kuona magoti yale yakifanya kazi vizuri namna ile. Tabibu aliuliza kwa sababu doksisaiklini, dawa aliyotaka kutoa, haipewi mwenye mimba wala mtoto wa chini ya miaka minane. Mama hakusikia sehemu hiyo. Kipimo kiliposema hapana, wifi alishusha pumzi, na mama alinyamaza njia nzima mpaka kwenye stendi.

Maagizo yalikuwa mafupi mpaka yakatutia wasiwasi. Usoni maji ya uvuguvugu tu. Hakuna sabuni, hakuna mafuta, hakuna losheni, hakuna poda, hakuna tyubu. Doksisaiklini ya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa glasi kubwa ya maji, ukiwa umekaa wima na usilale papo hapo, maana kidonge kikikwama kinaunguza koo. Kisichanganywe na maziwa. Kanga au kofia juani, kwa sababu dawa hiyo huifanya ngozi iungue upesi. Mtoto wa darasa la kwanza, ambaye duara lake sasa lilikuwa limegeuka ramani isiyo na mipaka mpaka sikioni, alikwanguliwa magamba, yakapimwa, yakaonekana ni fangasi waliostawi kimyakimya chini ya kivuli cha steroidi. Akapewa dawa ya fangasi peke yake, bila ndugu zake wawili. Kuhusu punda, tabibu alisema yeye si wa mifugo, lakini steroidi huchelewesha kidonda chochote kufunga.

"Na kabla ya kupona," akamwambia wifi mlangoni, "utaharibika. Wiki mbili, huenda zaidi. Usirudi kwenye tyubu. Wengi hushindwa hapo."

Alikuwa mkweli. Uso ulivimba. Vipele viliunganika. Kulikuwa na asubuhi ambazo jicho la kushoto lilifunguka nusu. Wifi aligeuza kioo kikatazama ukuta, akawa anakula baada ya watu wote kula. Na nyumba ile, ambayo ingeweza kustahimili ukame, deni na bei ya vitunguu kuanguka, haikuweza kustahimili jambo moja: kumwona mtu anaumwa na kutompaka kitu.

Kaka alirudi siku moja na kifurushi mfukoni, akasema ni "ndogo tu, ya kupunguza makali." Nilimpokonya nikakitupa chooni, shimo refu, hakuna wa kukifuata. Mama alipeleka kidonge na kikombe cha maziwa mgando, mara kwa mara, kwa sababu dawa bila maziwa ni ukatili. Binti wa sekondari alisoma mahali kwamba barafu inasaidia, akatafuta barafu Baray. Lakini kilele kilikuwa usiku ule wa mafuta ya kondoo.

Wifi alikuwa amelala. Mama aliingia na kibuyu kidogo cha mafuta ya mkia wa kondoo, yale ambayo alipakwa yeye alipozaliwa na ambayo, kwa imani yake, hayajawahi kumkosea mtu. Alichovya kidole. Alipofika kidevuni, wifi aliamka, akaona giza, akahisi kidole, akapiga yowe. Kaka akawasha tochi. Akawakuta, mama yake ameshika kibuyu, mke wake ameshika mkono wa mama yake.

Nilipofika nikiwa na kanga moja, wifi alikuwa anasema maneno ambayo hajawahi kuyasema. "Mama, naomba uniache! Naomba mniache nyote! Uso ni wangu!"

Kimya kikapita. Mama akakaa kitandani, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya ugomvi. "Kwa hiyo, mwanangu, tukae tu tunakutazama?"

Sina jibu la swali lile mpaka leo, na sidhani kama tabibu wa Karatu analo. Alitupa dawa ya wifi. Sisi wengine hakutuandikia kitu. Familia nzima ilikuwa imekabidhiwa kazi ya kutofanya kazi, na hiyo haikuwahi kufundishwa kwenye ukoo wetu.

Kaka ndiye aliyeokoa usiku ule, na simsifu mara nyingi. Alimwambia mama, "Mama, daktari alisema anahitaji mtu wa kusimamia. Vidonge vihesabiwe, maji yapimwe joto, na mtu yeyote asiguse huo uso. Yeyote. Sisi tumeshindwa." Daktari hakusema hivyo. Lakini mama alinyanyuka akiwa mtu mwingine.

Kuanzia asubuhi iliyofuata, vidonge vilikaa kwenye kopo kiunoni mwake, vimefungwa kwenye pindo la kanga. Maji yalipimwa kwa kiwiko. Maziwa yalihamishiwa mchana, mbali na dawa. Binti wa sekondari alifukuzwa mlangoni pamoja na tango lake. Jirani wa mkanda wa jeshi alikuja na chupa ya majani yaliyochemshwa, akakutana na mama uani, na sikusikia walichozungumza, ila chupa iliondoka haraka kuliko ilivyokuja. Mtu mwenye imani ya dawa zote alikuwa amegeuka kuwa ukuta dhidi ya dawa zote, na kwa nguvu ileile.

Jumapili moja mchungaji wetu alitutembelea baada ya ibada, mtu mwema, na wazee wawili wa kanisa, na kichupa cha mafuta ya upako. Waliomba vizuri. Waliimba. Mchungaji alipofungua kichupa na kunyoosha kidole kuelekea kwenye paji la uso, mama, ambaye hajawahi kumkatiza mchungaji maishani mwake, alisimama katikati.

"Baba mchungaji, usoni hapana."

"Mama, ni mafuta ya upako."

"Najua, baba. Mpake kisigino. Mungu anaona mpaka kisigino."

Mchungaji alitazama wazee wake. Wazee walitazama dari. Wifi akavua kandambili, akapakwa kisigino, wote wakasema amina.

Nafuu ilianza kuonekana taratibu mno, kiasi kwamba wa kwanza kuiona hakuwa yeyote kati yetu bali yule jirani wa ungo, ambaye alikuwa hajapita kwa muda. Kuchoma kuliisha kwanza. Kisha vipele vikaacha kuzaana, vile vya zamani vikakauka. Chini ya jicho palisafika mapema; kidevuni palisumbua mpaka mwezi wa pili unakatika. Yalibaki madoa meusi, ambayo kwenye ngozi zetu hukaa miezi baada ya ugonjwa kuondoka, na tabibu alimwonya wifi asiyafukuze kwa krimu za kung'arisha, la sivyo watakutana tena kwenye meza ileile na kapu lilelile. Shavu la mtoto lilisafika. Kaka amefuga ndevu. Punda alipona alipotengenezewa nira yenye matambara.

Wifi alirudi kwaya, mstari wa mbele. Hapo ndipo yalipoanza mapya. Wanawake walewale waliopunguza sauti njiani sasa wanamvizia baada ya mazoezi. Wanataka kujua anapaka nini.

"Maji," anasema wifi.

Hawamwamini. Imeshaenea Baray kwamba ana krimu ya kutoka nje, ya bei mbaya, na kwamba amekuwa mchoyo. Wiki iliyopita mmoja alikuja kabisa nyumbani, jioni, na ndoo ya vitunguu vikubwa, vyekundu, vilivyochaguliwa, akaiweka miguuni mwa wifi na kusema amekuja kwa heshima, kama dada kwa dada, atajiwe jina tu, hata asipoonyeshwa tyubu.

"Dada, ni maji ya uvuguvugu," alisema wifi. "Na nilipewa vidonge hospitali, nilipimwa kwanza. Nenda na wewe ukaonwe."

Mama akatikisa kichwa kuthibitisha, kopo likalia kiunoni.

Yule mama aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa muda mrefu. Kisha akainama, akabeba ndoo yake, akaondoka nayo.